Nanii

Baba yangu alikuwa na majina matatu,
Norris Edwin Applegarth,
na hakuna aliyeyakumbuka.
Kwenye foleni ya basi pale Morecambe
watu walifinya macho, wakaalisha vidole
kama waliosahau walipoweka ufunguo:
"Wewe si yule… yule… nanii?"
Naye huvua kofia.
"Ndiye. Nanii mwenyewe."

Alianza na mlango.
Jumba la michezo mwisho wa gati, mwaka wa hamsini na tatu,
mvua ikipiga paa kushinda makofi.
Alikuwa mhudumu: aingie na supu, ajikwae, atoke.
Wiki ya kwanza alijikwaa, watu wakanyamaza.
Wiki ya pili akaacha kujikwaa.
Aliibeba supu ile
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani,
akaitua mezani, akapumua.
Ukumbi ukavunjika mbavu.
"Kuanguka kila mtu anaweza," aliniambia.
"Waonyeshe mtu anayeogopa kuanguka."

Milango ikafuatana: kasisi, askari, fundi wa gesi,
daktari wa farasi, shahidi wa pili.
Masharubu yake yalilala katika kopo la tumbaku,
kumi na manne, kila moja na jina lake.
Paka wetu hakuwa na jina.

Halafu televisheni. Kila Jumanne, saa mbili usiku,
miaka sita, karani wa posta nyuma ya kioo.
Ajuza huingia viatu vimelowa,
fomu ameijaza kwa wino wa buluu, usiku kucha.
Baba huisoma yote. Huigeuza. Huisoma mgongoni.
Huinua macho yenye huruma ya kweli kabisa:
"Fomu siyo hii, bibi."

Basi. Maneno manne
yaliyotulipia nyumba na meno yangu.
Mwuza nyama hakukata kipande mpaka ayasikie.
Siku tuliyomzika nyanya,
mchimba kaburi, sepetu mkononi,
alimnong'oneza: kama haitakuwa taabu, bwana…
Baba akayasema.
Nilimwona akiyasema, tope limemfika vifundoni.

Mara moja tu, kule Bradford, alipewa msiba.
Mtarishi, mstari mmoja: mwanao amezama.
Miezi miwili aliufanyia mazoezi bafuni,
mama akigonga apate kunawa.
Usiku wa kwanza akafungua mlango
na kabla hajatamka, kicheko.
Kicheko cha upendo, ndicho kilichomwua.
Alisimama na maiti ya mtoto mdomoni,
akasubiri wamalize.
Nyumbani akachemsha yai, akalisahau
mpaka sufuria ikaungua.

Hakulalamika. Alisema wapo waliokufa na majina yao
wala hakuna aliyewahi kuwanyooshea kidole.
Sijui kama aliamini.

Mwisho, hospitali ya Lancaster.
Muuguzi, binti wa miaka ishirini na ushei,
asiyejua posta wala Jumanne zetu,
alimletea karatasi ya kutia sahihi.
Baba akaisoma yote. Akaigeuza.
"Fomu siyo hii, bibi."
Mimi nikainamisha uso. Nilimwonea haya, nakiri.
Yule binti akaitazama karatasi, akashtuka:
"Kweli, baba! Hii ni ya mzee wa kitanda cha tisa."
Akatoka mbio.

Baba alicheka mpaka mashine ikalia.
Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiyacheka maneno yale.
"Umeona?" akasema, machozi yakimtoka.
"Umeona? Haikuwa hii!"

Wiki mbili baadaye nilikwenda kuandikisha kifo.
Karani nyuma ya kioo hakuinua macho.
Jina la marehemu?
Nikayataja yote matatu, herufi kwa herufi,
p mbili, th mwishoni.
Kazi yake?
Nikasita. Nikasema: alifungua milango.
Akaandika mwigizaji; labda aliijua sauti yangu,
watu husema nina sauti yake.
Akanisogezea karatasi chini ya kioo.
Niliisoma yote, nikaigeuza,
nikasubiri, Mungu anisamehe, nikasubiri sana.

Fomu ndiyo hii.